Pale Watasema Aliposimama

Kama unasoma haya, au unasomewa, kwa sababu fremu ya mlango imeanza kukugonga bega la upande mmoja na hujui kwa nini, kaa na mimi kidogo. Mimi si daktari, na ndani ya jicho sijui kuna nini. Ninachojua ni jinsi mtu anavyoishi baada ya kuambiwa kwamba kilichokwenda hakitarudi, na makosa anayoweza kuyafanya wakati huo, maana mengi niliyafanya. Naandika kwa mkono wangu, rula ikiwa chini ya mstari ili maneno yasipandiane. Binti yangu ananyoosha panapochanganyika.

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kalemie, wakati nchi ikiitwa Zaire na sisi sote tukiitana sitwaye, yaani raia. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya meli na mabehewa, kusoma namba zilizopigwa rangi kwenye magunia na masanduku, na kuziandika. Sekondari nilifika mwaka wa nne. Macho na mwandiko ndivyo vilivyonilisha.

Ilianza kiangazi, upepo wa ziwa ukirusha vumbi la makaa na pamba, kwa hiyo nikalaumu vumbi. Taa za bandarini zikavaa duara za rangi. Nikaanza kuwagonga watu mabega, wakanidhani mlevi. Kisha namba nane ikawa tatu, na tatu ikawa doa. Mwenzangu wa kazi akaanza kupita nyuma yangu akizisoma upya namba zangu kwa sauti ya chini. Sikufikiri kwamba ananisaidia. Nilifikiri anataka nafasi yangu. Nikafika mahali pa kuamini kwamba kuna mtu anayezifuta namba usiku ili nionekane siwezi kazi. Unaona: macho yalikuwa bado hayajaisha, na tayari nilikuwa nikiona vitu visivyokuwepo.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Wagonjwa wa macho hawatazamani, wanasikilizana tu. Nilimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na karanga za kukaanga kwenye kikaratasi, akazipitisha benchi zima bila kuuliza nani ni nani. Karanga zile ndizo kitu pekee nilichokipokea siku zile bila kujiuliza kwa nini napewa.

Muuguzi alinikalisha, akanibonyeza jicho juu ya ukope kwa kidole, kama mtu anayepima embe.

"Papa, iko presha ndani ya macho. Hii dawa utatonesha asubuhi na magaribi."

"Nitapona lini?"

"Sikia vizuri. Yenye imeenda, imeenda. Hii dawa ni ya kuchunga yenye imebaki."

Sikusikia vizuri. Nilitonesha dawa ile chungu, inayoshuka mpaka kooni, nikingoja kuona zaidi. Dawa ilipokosekana hospitalini tuliagiza kwa wafanyabiashara wa Kigoma, na kila chupa iliyovuka ziwa niliionja kwa ulimi, nikishuku wamejaza maji. Masika yakaja, sikuona nafuu yoyote. Nikaacha. Ninyi mnaosoma, msiache. Dawa iliyo mlinzi huwezi kuipima kwa kile ilichokuletea. Unaipima kwa kile ambacho mwizi hajachukua. Mimi nilimfukuza mlinzi mwenyewe, kisha nikaanza kutafuta mwizi kati ya watu wa nyumba yangu.

Tulipokwenda Lubumbashi kwa upasuaji, mimi na mke wangu Feza, tulipita Kabalo kwa treni ya kiangazi, na nilikumbuka daraja la Lualaba kwa mlio wake tu. Walinipasua jicho moja, baadaye la pili. Siku ya kufungua bendeji daktari aliniuliza naona nini. Nikasema, "Dirisha." Nilikuwa nimehisi joto la jua shavuni, nikabahatisha. Feza aliupiga mkono wangu kwa furaha. Ilibidi nimwambie ukweli ndani ya treni tukirudi, na alinyamaza kutoka Kamina hadi Kabalo. Wanaosema upofu ni giza wanakosea. Wangu ni mweupe mchafu, kama maji yaliyooshewa mchele. Yako mbele yangu mpaka sasa.

Kazi ikaisha. Feza akawa ndiye anayetoka asubuhi, mimi ndiye ninayebaki. Mtu anayebaki nyumbani bila macho anageuka kuwa masikio matupu, na masikio yana wivu. Akicheka na mtu uani, nauliza ni nani. Akichelewa sokoni, namnusa. Siku moja, tukila, nilisema mbele ya watoto, "Siku hizi miye napewa mikia ya samaki."

Feza aliushika mkono wangu, akautia ndani ya sahani ya watoto.

"Pima," alisema. "Pima vizuri, baba ya watoto. Halafu pima na yangu."

Katika sahani ya watoto kulikuwa na mikia. Katika sahani yake kulikuwa na mchuzi tu.

Sasa lazima nimlete mama mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, na sababu utaiona. Alikuwa mjane, ameteremka kutoka Kirungu, kule milimani, aishi karibu na binti yake. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, kwenye mteremko uleule. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja, wewe kijana unatoka njiani, unageuza uso kando mpaka apite. Huli mbele yake. Jina lake hulitamki. Wala si ubaya: ni heshima, ni kumshukuru kwa kutazama mbali. Nilipokuwa na macho niliifanya haya hiyo vizuri kiasi kwamba wazee walinisifu. Nilipopofuka, hakuna aliyejiuliza itafanyikaje sasa. Mimi pia sikujiuliza.

Mwanzoni mwa mvua akaja mdogo wake mama mkwe, mwindaji, watoto wakimwita mjomba. Alikuja na mbwa. Nilisikia kwanza kengele ya mti, ile wawindaji wa milima ya Marungu wanayowafunga shingoni mbwa wasiobweka, ili wawasikie porini.

"Mukwe," alisema, "nakuletea miguu."

"Miguu ninayo."

"Unayo, lakini imekaa. Huyu imbwa njo alikuwa anaongoza baba yetu mzee, alipokufa macho. Njia zote za Kirungu, kupanda na kushuka, walikuwa naye. Hakuna mutu alimufundisha sana. Mzee aliteremuka naye pole pole, wakafundishana."

"Na mzee yuko wapi?"

"Tulimuzika kiangazi."

"Unaniletea imbwa ya maiti?"

"Nakuletea imbwa ya mutu mwenye hakuanguka hata siku moja."

Nikauliza jina. Huku kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani, mtu humwita mbwa wake kwa sauti ili jirani asikie.

"Anaitwa Watasema."

"Watasema nini?"

"Hiyo uwaulize wao," mjomba akacheka.

Alinipa mshipi wa ngozi uliofungwa mgongoni mwa mbwa, na juu yake ufito mgumu wa mwanzi. Kamba, alisema, haisemi kitu. Ufito unakuletea kila hatua yake mpaka kiganjani. Tulitembea uani, kisha njiani. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Usimuvute, usimusukume. Akisimama, simama. Akisimama, iko kitu anakuambia."

Kitu gani, sikuuliza. Wala sikuuliza ni nani aliyemwita mjomba aje. Nilidhani najua: upande wa mke umenitumia mbwa wa marehemu kipofu, na upofu unafuata mbwa wake kama kupe.

Lakini nilitembea. Hilo siwezi kulificha. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikijua dunia kwa ukubwa wa ua, na sasa ufito ulivuta kidogo kushoto, nikaenda kushoto, na bega langu halikugonga kitu. Watoto walitufuata wakipiga makofi. Sokoni Mama Sifa, jirani yetu muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alipiga kelele, "Papa, huyo imbwa akikula ndagala yangu, namushitaki nani? Weye hukuona!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Lubumbashi. Siku hiyohiyo Watasema alinifikisha ziwani. Nilivua viatu. Maji yalinipanda vifundoni, baridi na laini, na mbwa akanywa kando yangu kwa kelele za ulimi. Kama upo katika miezi ile ya kwanza, tafuta maji ya kutia miguu. Husaidia.

Shida ilianza kwenye korongo. Kati ya nyumba yetu na barabara, mvua ilikuwa imekata mfereji kuvuka njia, upana wa hatua ndefu, kina cha mtu. Watu walivukia mahali palipopangwa mawe. Nilijua korongo lipo. Nilidhani mawe nayo yapo tu, kama mlima ulivyopo.

Asubuhi moja baada ya mvua, Watasema alisimama kabla ya mawe. Ufito ukatetemeka mkononi mwangu, kengele ikalia haraka haraka, tofauti na mlio wa kutembea. Mbele yetu palikuwa na mtu. Nilisikia pumzi. Nilinusa moshi wa jikoni na mafuta ya mawese.

"Nani?"

Kimya.

"Nani yuko hapo?"

Nguo ilichakacha. Nyayo tupu zilitoka njiani, zikasimama kando. Watasema akatulia, akavuka, na mimi nyuma yake. Mtu yule hakunisalimu.

Asubuhi nyingine baada ya mvua, vilevile. Na nyingine. Katika mji wetu hata adui humsalimu kipofu, asije akadhaniwa anamvizia. Anayesimama karibu na kipofu akanyamaza ni mmoja kati ya wawili: mwizi au mchawi. Na mwizi angeniibia nini?

Nilimweleza Papa Kiza, jirani wa upande wa pili, mtu wa kukaa barazani na kuona yote. Akasogeza kiti.

"Sikutaka kusema," alisema. "Lakini umesema weye mwenyewe. Ni mama ya bibi yako, mama ya Feza. Namuona asubuhi, mbele ya watu kuamuka vizuri."

"Anafanya nini?"

"Anainama. Anaweka kitu chini."

"Kitu gani?"

"Sitwaye, miye niende kuangalia kitu ya mulozi na haya macho yangu? Nitabaki kama weye." Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayekupa zawadi, "Baba yake alikuwa kipofu. Mukwe wake kipofu. Imbwa ni ile ile. Na imbwa anamuogopa. Wewe ni mutu wa masomo, jumulisha."

Nikajumlisha. Nilikuwa nimefanya kazi ya kujumlisha maisha yangu yote. Baba kipofu, mkwe kipofu, mama anayeinama asubuhi, mbwa anayetetemeka, pumzi isiyosalimu. Hesabu ilitimia bila baki, na hilo pekee lingetosha kunitia wasiwasi, maana bandarini hesabu isiyo na baki ndiyo tuliyokuwa tukiirudia. Sikuirudia. Nilikuwa nimeshapata mtu wa kumlaumu kwa macho yangu, na raha yake ilikuwa kama raha ya kujikuna.

Niliwaita wazee wa pande zote mbili alasiri ya Jumapili. Mama mkwe alikaa nyuma, kwenye mkeka, nyuma ya Feza, kama desturi inavyotaka. Mbwa niliagiza watoto wamfunge nyuma ya nyumba. Nikawaeleza yote: pumzi, kimya, kitu kinachowekwa chini, ufito unaotetemeka. Katekista wa kanisa letu, mtu wa haki, alisema, "Basi tuletee imbwa, tuone."

Nikajibu, "Neno langu ni dogo kuliko la imbwa?"

Mbwa angeletwa, pengine mambo yangeisha palepale. Ni mimi niliyekataa.

Kisha nikanyoosha kidole nilikodhani amekaa, nikalitamka jina lake. Jina zima, la nyumbani kwao, mbele ya wazee. Watu walivuta pumzi kwa pamoja, kama maji yanaporudi ziwani kabla ya wimbi.

"Umetaja jina la mama yangu," alisema Feza.

Yeye mwenyewe hakusema kitu. Hakuweza, mama mkwe hajibizani na mkwe. Lakini mimi, niliyevunja desturi, nilitumia kimya chake cha desturi kuwa ushahidi. "Mumesikia?" niliwauliza. "Ananyamaza." Wazee wakakohoa. Papa Kiza akasema ndiyo, anamwona asubuhi. Hakuna aliyesema zaidi.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akapanda treni kwenda Nyunzu, kwa binti yake mwingine aliyelima huko. Feza alisema anamsindikiza. Watoto wakaenda na mama yao. Nilingoja sauti ya mlango siku nyingi kabla sijakubali kwamba kusindikiza kumekwisha na kukaa kumeanza. Dada yangu akawa ananiletea ugali. Mbwa alibaki. Nilimpa chakula kwa kumtupia.

Nilitegemea macho yangu yarudi. Ni aibu kuandika, lakini nilingoja hivyo: mchawi ameondoka, weupe utapungua. Kila asubuhi niliuleta mkono mbele ya uso.

Halafu ikaja mvua ile kubwa ya mwisho wa masika, iliyoangusha miti kando ya mto Lukuga. Asubuhi nilitaka kwenda misa. Watasema alinifikisha kwenye korongo, akasimama.

Nilisikiliza. Hakuna pumzi. Hakuna moshi wala mawese. Ufito haukutetemeka, ulikuwa umetulia kama umechimbiwa ardhini.

"Twende," nilimwambia.

Hakwenda. Nikamsukuma na ufito, akakaa chini. Nikawaza: sasa mchawi hayupo, unasimamia nini? Basi ni ukaidi, au ametumwa anizuie kanisa. Nikampiga kwa bakora, mara ya kwanza. Hakulia, hawajui kubweka mbwa wale. Alilala chini kwa urefu wake wote, juu ya miguu yangu. Nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka kwenye viatu vyangu. Nikachomoa miguu, nikamruka.

Palipokuwa na mawe hapakuwa na kitu.

Nilianguka mpaka chini, kwenye maji ya matope, na mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Nilipiga kelele, lakini maji ya korongo yalipiga zaidi. Nilichosikia juu yangu ilikuwa kengele ya mti, ikienda mbio kupanda mteremko, ikirudi, ikienda tena, bila kupumzika, mpaka sauti ya Mama Sifa ikasema, "Huyu imbwa anapiga kengele kama anaita watu kwa misa! Bwana ya Feza yuko wapi?"

Waliniinua watu kadhaa. Wakati wengine wakitafuta ubao wa mlango wa kunibebea, Mama Sifa alibaki kando yangu, beseni la ndagala likinuka begani pangu.

"Nani ameondoa mawe?" nilimuuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Mvua."

"Siku zote mvua inanyesha, mawe yako."

"Siku zote mvua inaondoa," alisema. "Na mutu alikuwa anarudisha. Mwenye kuyapanga ulimufukuza, sasa nani atapanga? Miye na mugongo yangu hii?"

Akaendelea, na nilihisi amechoka kuyabeba maneno yale.

"Kila mvua ikinyesha, mama yule anashuka mapema, anayapanga mbele weye upite. Alisema alifanya hivyo kwa baba yake, kule Kirungu, tangu angali binti. Akisikia kengele ya imbwa anaacha, anatoka njiani, anafunika uso na kitenge. Haya ya mukwe, si unajua? Zamani weye njo ulikuwa unatoka njiani. Sasa hauone. Basi yeye alikuwa anafanya ya watu wawili."

"Kwa nini haukusema mbele ya wazee?"

"Niseme nini? Mulikuwa mumekwisha kukata neno. Mwenye kumutetea mulozi, kesho anaitwa mulozi. Na miye ni mujane pia, Papa."

Nikiwa hospitalini, mguu kwenye plasta, nilimshuku hata Mama Sifa. Labda wamepanga, wanawake. Usidhani mashaka hutoka kwa mtu siku anapoambiwa ukweli. Hutoka kama matope kwenye nguo, kwa kufua na kurudia. Papa Kiza alipokuja kunitazama nilimuuliza, "Ulisema aliweka kitu chini. Kitu gani?"

"Ilikuwa mbali, sitwaye."

"Kikubwa au kidogo?"

"Cha kubeba na mikono miwili."

"Dawa gani ya ulozi inabebwa na mikono miwili?"

Nilisikia kiti kikirudi nyuma. Sikumlaumu sana. Yeye alikuwa na macho, ni kweli, lakini mimi ndiye niliyemwomba aone kwa niaba yangu kile nilichotaka.

Plasta ilitolewa kiangazi kilipokwisha shika, mguu umekonda kama wa mtoto. Nikamchukua Watasema na kuku mweupe, kuku wa kuosha kinywa kilichotamka jina lisilotamkwa, nikaenda gare, kituo cha treni. Mkagua tiketi alisema, "Papa, imbwa haipande."

"Basi haya macho yangu niyaache hapa utunze?"

Wasafiri walicheka, naye akacheka. Tukakaa kati ya magunia ya mihogo, kuku miguuni pangu, mbwa karibu amlalie kuku, na hakumgusa njia yote.

Nyunzu hakuna upepo wa ziwa. Nilipoingia ua wa shemeji yangu hewa ilisimama, na Watasema akasimama nayo. Ufito ukaanza kutetemeka mkononi mwangu. Kengele ikalia haraka haraka, kama kule kwenye korongo. Moshi wa jikoni. Mafuta ya mawese. Moyo wangu, nakiri, ulishtuka kwa hofu ya zamani: anamwogopa.

Sauti ya kwanza ya Feza tangu masika ilitoka karibu na ukuta.

"Legeza huo ufito. Unamubana imbwa, hawezi kutikisa mukia vizuri."

Nilichuchumaa kwa mguu wangu mbovu. Niliweka kiganja kichwani mwa Watasema, nikakipitisha shingoni, mgongoni, mpaka mwisho. Mkia ulikuwa ukinipiga mkono kushoto na kulia, mwili mzima ukiyumba nao. Mwaka ule wote nilikuwa nimeshika ufito. Mbwa mwenyewe sikuwa nimewahi kumpapasa. Ningempapasa, mkono wangu ungejua siku ya kwanza kwamba hatetemeki kwa hofu.

Nilibaki chini palepale. Sikujua niongee na nani, kwa kuwa mtu niliyemkosea ndiye nisiyeruhusiwa kusema naye. Ndipo nyuma ya jiko mama mkwe akaanza kuzungumza, na hakuzungumza na mimi.

"Watasema," alisema, "umemuongoza vizuri. Sasa umuambie bwana yako akae kwa kivuli, mugonjwa hapigwe jua."

"Watasema," nikasema, "umuambie mama nimeleta kuku. Umuambie nilitaja. Umuambie mawe nimeyajua, kwa mguu wangu."

Mbwa akapiga miayo.

"Umuambie kuku naipokea," ilisema sauti. "Lakini jina ni kama maji. Limekwisha kumwangika, kuku haitalikusanya. Umuambie nilikuombea weye, imbwa, kwa ndugu yangu, nikapeleka neno mpaka Kirungu, sababu binti yangu alilia kwa treni toka Kamina mpaka Kabalo. Sikukuombea ili atafute mulozi."

Feza alirudi nami kwa treni iliyofuata, na watoto. Hakusema ni kwa sababu gani, nami safari hii sikuuliza. Mama yake alikaa Nyunzu mpaka mvua zilipoanza, kisha akateremka, akafungua nyumba yake.

Neno "nimesamehe" sikulisikia kwake mpaka tulipomzika, miaka mingi baadaye. Watasema alitangulia, yuko chini ya mteremko ule, na kengele yake imo mfukoni mwangu ninapoandika. Pengine mama alisamehe bila kusema. Pengine hakusamehe. Nimejifunza kutojaza kimya cha mtu kwa maneno yangu.

Ila asubuhi moja mwanzoni mwa mvua zile, korongo likisikika kwa mbali, Watasema alisimama. Ufito ukayumba. Mbele yetu jiwe lilikuwa likiwekwa juu ya jiwe, kisha sauti ikakoma. Nilisikia kitenge kikianza kuchakacha, anajiandaa kutoka njiani.

Nikawahi mimi. Nilitoka njiani, nikaingia kwenye majani yenye maji mpaka magotini, nikageuza uso kuelekea ziwani, upepo unakotoka, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa na macho. Nikasubiri.

Kitenge kikatulia. Kisha nyayo zake zikapita kwenye njia, taratibu, bila kukimbia, mpaka zikapotea juu kwenye mteremko.

Watasema alivuta ufito. Nikamfuata. Mguu wangu mbovu ukatafuta jiwe, ukalipata. Halikutikisika.